Kwa nini ilihitajika kamera ya siri? Uongozi ndani ya kliniki ya meno

Mnamo Novemba 2014, watu wapatao 22,000 waliowahi kutibiwa meno katika kliniki moja karibu na Nottingham, Uingereza, waliitwa na mamlaka za afya wakapimwe damu. Walitakiwa kupimwa homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C na virusi vya Ukimwi. Wote walikuwa wamepita mikononi mwa daktari mmoja, Desmond D'Mello, aliyefanya kazi hapo kwa zaidi ya miaka 30. Katika muda huo mtoto aliyepelekwa na mama yake kuziba jino anaweza kuwa ameshakuwa mtu mzima na kuwapeleka wanawe kwenye kiti kilekile.

Kilichoanzisha yote ni picha za video zilizopigwa kwa siri mwezi Juni mwaka huo. Zilimwonyesha daktari akitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa mikono, bila kubadilisha glavu, na akitumia vifaa ambavyo havikutakaswa. Yeye mwenyewe alipimwa akakutwa hana maambukizi. Hofu ilikuwa kwamba damu ya mgonjwa mmoja ilikuwa ikisafiri kwenda kwa mwingine kupitia glavu na vifaa. Kati ya maelfu waliojitokeza kupimwa, wachache walikutwa na homa ya ini aina ya C. Mwaka 2016 baraza linalosimamia taaluma hiyo lilimfuta daktari huyo kwenye rejista.

Magazeti yalimzungumzia mtu. Sisi tunataka kuzungumzia kamera. Chumba cha daktari wa meno si mahali pa siri: kuna mgonjwa, kuna daktari, na mara nyingi kuna muuguzi wa meno anayeshika kifyonza mate na kupokezana vifaa na daktari. Nje kuna mapokezi, kuna daktari wa chumba cha pili, kuna mtu anayeagiza glavu na kuona zinavyokwisha au zisivyokwisha. Ikiwa njia iliyobaki ya kumzuia daktari asiendelee ni kumrekodi kwa kificho, basi jambo lingine lilikuwa limeshavunjika kabla ya usafi. Uongozi wa mahali pale haukuwa na mlango wa kupitishia neno.

Chumba chenye watu watatu

Mgonjwa ndiye asiyeona chochote. Amelazwa, taa inammulika, mdomo uko wazi, ganzi imeshaanza kushika. Hata akitaka kuuliza swali hawezi kulitamka. Akitoka atakumbuka kama iliuma au haikuuma, kama daktari alikuwa mcheshi au mkali, na bei. Kama kioo kidogo alichowekewa mdomoni kilitoka kwenye mfuko uliofungwa au kwenye trei ya aliyemtangulia, hajui. Ndiyo maana daktari mchafu anaweza kupendwa na wagonjwa wake kwa miaka mingi.

Anayeona ni muuguzi. Lakini muuguzi ameajiriwa na daktari. Katika hospitali kubwa kuna muuguzi mkuu, kuna kamati ya kuzuia maambukizi, kuna mganga mkuu, na mtu akikwama kwa mmoja anaenda kwa mwingine. Kliniki ya meno yenye vyumba viwili au vitatu haina ngazi hizo. Mwenye kliniki ndiye daktari, ndiye mlipa mishahara, ndiye anayeandika barua ya kumtambulisha mfanyakazi akitafuta kazi kwingine, na ndiye anayepokea malalamiko. Malalamiko dhidi ya daktari yanapelekwa kwa daktari. Aliye karibu zaidi kuona ndiye mwenye mengi zaidi ya kupoteza akisema.

Uingereza ilijaribu kulitatua hili kwa sheria. Tangu mwaka 2008 muuguzi wa meno nchini humo lazima asajiliwe kwa jina lake kwenye Baraza Kuu la Madaktari wa Meno, GDC, kama daktari alivyosajiliwa. Maana yake ni kwamba akinyamaza naye anaweza kushtakiwa mbele ya baraza hilohilo. Kanuni za maadili za GDC za mwaka 2013 zina misingi tisa, na wa nane unamtaka kila aliyesajiliwa apaze sauti pale wagonjwa wanapokuwa hatarini, hata kama anayehusika ni mwajiri wake. Sheria nyingine, ya mwaka 1998, inamlinda mfanyakazi anayefichua uovu kwa maslahi ya umma asifukuzwe wala kunyanyaswa kwa sababu hiyo.

Kwenye karatasi, basi, muuguzi amesukumwa kutoka pande mbili: analindwa akisema, anaadhibiwa akinyamaza. Na bado kamera ilihitajika. Ulinzi wa kisheria hufanya kazi baada ya mtu kuumia, mbele ya jaji, pengine mwaka mmoja baadaye. Kodi ya nyumba inadaiwa mwisho wa mwezi huu.

Swali la tano

Kliniki za meno za England zinasimamiwa na Tume ya Ubora wa Huduma, CQC, tangu Aprili 2011. Wakaguzi wake huja na mtaalamu wa meno, na huuliza maswali matano: je, huduma ni salama? Inaleta matokeo? Inamjali mgonjwa? Inaitikia mahitaji yake? Na la tano, inaongozwa vizuri?

Kwa mtu wa kawaida hilo la tano linaweza kuonekana ni la kujazia. Uongozi ni maneno ya semina, utadhani, na jino ni jino. Lakini ukiangalia kinachoulizwa chini yake utaona ndilo linaloyabeba mengine manne. Kanuni ya 17 ya kanuni za mwaka 2014, ambayo inahusu utawala bora, inaitaka kliniki iwe na utaratibu wa kujikagua yenyewe, wa kutambua hatari na kuzipunguza, wa kutunza kumbukumbu sahihi na kamili za kila mgonjwa, na wa kutafuta maoni ya wagonjwa na wafanyakazi kisha kuyafanyia kazi. Lazima pia awepo mtu anayetajwa kwa jina, meneja aliyesajiliwa, ambaye anawajibika kisheria kwa namna kliniki inavyoendeshwa. Mara nyingi huyo naye ni daktari mwenyewe.

Tofauti na vituo vya madaktari wa kawaida au makao ya wazee, kliniki za meno huko hazipewi daraja la kuwa bora sana, nzuri au duni. Ripoti inasema tu kama kanuni zimetimizwa au hazikutimizwa. Na kwa miaka mingi tume ilikuwa ikikagua takriban kliniki moja kati ya kumi kwa mwaka. Piga hesabu: kliniki inaweza kukaa miaka mingi bila kumwona mkaguzi, na hata anapokuja anakaa siku moja. Siku nyingine zote mkaguzi pekee aliyepo ni yule muuguzi.

Kwa hiyo wakaguzi wenye uzoefu hawaishii kwenye majalada. Sera zinaweza kununuliwa zikiwa zimeshaandikwa, mwenye kliniki akaongeza jina na saini tu. Wao huchagua kitu kidogo na kukifuata. Mfano mzuri ni sanduku la dawa za dharura. Ndani yake huwa na glukagoni, sindano ya kupandisha sukari ya mgonjwa wa kisukari anapozimia. Ikiwekwa kwenye friji hudumu hadi tarehe iliyoandikwa na kiwanda, na hapo joto la friji linapaswa kuandikwa kila siku. Ikiwekwa nje ya friji hudumu miezi 18 tu, hivyo tarehe ya kuisha lazima irekebishwe kwa kalamu. Mkaguzi anachukua kile kichupa, anatazama tarehe, kisha anauliza: nani hukagua sanduku hili kila wiki? Jibu likiwa "ni dada fulani, lakini yuko likizo ya uzazi", mkaguzi ameshajua mengi kuhusu uongozi wa mahali hapo kuliko ambavyo jalada la kurasa 200 lingemwambia.

Hivyo hivyo kwa picha za eksirei. Kliniki inatakiwa kujipima mara kwa mara ni picha ngapi zilitoka vizuri na ngapi zilirudiwa, kwa kuwa kila kurudia ni mionzi ya ziada kwa mgonjwa. Usafi wa vifaa nao hukaguliwa na kliniki yenyewe kila baada ya miezi sita. Maoni yetu ni kwamba kliniki inayojipa alama 100 kila mara ndiyo ya kutiliwa shaka. Anayejikagua kwa dhati hukuta kasoro, huandika, na mara ijayo unaona alichofanya.

Hesabu ya trei

Tukae kidogo kwenye vifaa, kwa sababu hapa ndipo uongozi unapoacha kuwa neno na kuwa fedha.

Kifaa kilichotoka mdomoni mwa mgonjwa huoshwa, hukaguliwa kwa lenzi chini ya taa, kisha huingizwa kwenye mashine ya mvuke ambayo wahudumu huiita otoklevu. Mwongozo wa Uingereza unataka joto la nyuzi 134 hadi 137 kwa muda usiopungua dakika tatu. Dakika tatu zinasikika kidogo, lakini mashine lazima ipashe moto, ishushe, ikaushe. Ukijumlisha na kuosha, mzunguko mzima unaweza kuchukua karibu saa nzima.

Sasa chukua mfano wa kliniki yenye seti sita za vifaa na daktari anayeona mgonjwa kila baada ya dakika 15. Baada ya saa moja na nusu seti zote zimeshatumika. Zikiingizwa wakati huo, zitatoka saa nzima baadaye. Ndani ya saa hiyo wagonjwa wanne wako kwenye benchi, mmoja ameshika shavu, na daktari anauliza kwa nini mgonjwa hajaitwa. Muuguzi atafanya nini? Anaweza kusema hakuna vifaa. Anaweza pia kuvifuta kwa dawa na kuvirudisha kwenye trei.

Akichagua la pili tutamwita mzembe. Lakini si yeye aliyepanga dakika 15 kwa mgonjwa, wala si yeye aliyeamua zinunuliwe seti sita badala ya kumi na mbili. Uamuzi ulifanywa mezani na mwenye kliniki, pengine kwa nia njema kabisa ya kuokoa fedha mwaka wa kwanza wa biashara. Uchafu ulioonekana chumbani ulizaliwa kwenye bajeti na kwenye ratiba. Mkaguzi anayeuliza "je, mna sera ya usafi?" atapewa sera. Anayeuliza "mna seti ngapi, na jana mliona wagonjwa wangapi?" atapata ukweli.

Bosi asiyejua

Kisa cha Nottingham ni cha daktari aliyefanya mwenyewe. Kuna kisa kingine kilichotangazwa Machi 2013 huko Tulsa, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, ambacho kwa masuala ya uongozi kinafundisha zaidi. Huko mgonjwa mmoja aligundulika na homa ya ini aina ya C bila sababu inayoeleweka, isipokuwa kwamba alikuwa ametibiwa na daktari wa upasuaji wa kinywa. Wakaguzi walipofika walikuta vifaa vyenye kutu, dawa iliyopitwa na muda tangu mwaka 1993, wasaidizi waliokuwa wakiwapa wagonjwa dawa za usingizi bila kuwa na leseni ya kufanya hivyo, na mashine ya kutakasa ambayo haikuwa imepimwa kwa miaka sita ilhali ilitakiwa kupimwa kila mwezi. Wagonjwa wapatao 7,000 waliandikiwa barua. Septemba mwaka huo vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba virusi vilitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuthibitishwa katika kliniki ya meno nchini humo.

Daktari alipoulizwa kuhusu utakasaji wa vifaa na utunzaji wa dawa, aliwaambia wakaguzi kwamba hizo ni kazi za wasaidizi wake, si zake.

Jibu hilo linaonekana kama kisingizio, na kwa sehemu ni kisingizio. Lakini linaeleza pia jinsi madaktari wengi wanavyoiona kliniki: kiti na mgonjwa ni vyangu, mengine ni ya wasaidizi. Chuo kilimfundisha kung'oa, kuziba na kutibu mzizi wa jino. Hakikumfundisha kuajiri, kupanga zamu, kuendesha kikao, kusikia lawama bila kukasirika. Anahitimu, anafanya kazi miaka kadhaa, anafungua kliniki yake, na asubuhi moja anajikuta ni kiongozi wa watu wanane bila mtu yeyote kumwuliza kama anaiweza kazi hiyo. Mikono yake ina leseni. Uongozi wake hauna.

Mwenye mali akiwa si daktari

Wapo wanaosema dawa ni kutenganisha: daktari atibu, kampuni iendeshe. Uingereza imelipitia hilo. Kwa miongo kadhaa sheria iliweka ukomo wa idadi ya kampuni zilizoruhusiwa kufanya biashara ya tiba ya meno. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2006, na tangu hapo makampuni yenye kliniki nyingi yamekua. Sheria ilibakiza sharti moja la maana: zaidi ya nusu ya wakurugenzi lazima wawe madaktari wa meno au wanataaluma wengine wa meno waliosajiliwa. Hivyo hata fedha zikiwa za mwekezaji, kwenye meza ya maamuzi wengi ni watu wanaoweza kufutiwa usajili wao.

Tunaliona sharti hilo kuwa la busara, ingawa halitoshi. Kampuni huleta meneja, namba ya simu ya malalamiko na mkaguzi wa ndani asiyekula chakula cha mchana na daktari. Hayo ni mema. Huleta pia malengo ya mapato ya mwezi, na dakika 15 zinaweza kuwa 12.

Huku kwetu

Afrika Mashariki daktari mwenye kliniki yake ni sura ya kawaida ya mjini, kutoka Kariakoo hadi Eastleigh. Tanzania Bara, Baraza la Madaktari Tanganyika linasajili madaktari wa meno chini ya sheria ya mwaka 2017, na vituo binafsi vina usimamizi wake chini ya Wizara ya Afya. Kenya, baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, linasajili mtaalamu na pia linatoa leseni kwa kituo chenyewe, na mgonjwa anaweza kulipelekea malalamiko. Vyombo vipo. Tanzania ina hata sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ya mwaka 2015.

Mijadala yetu ya umma, hata hivyo, karibu yote inamhusu daktari feki. Msako ukifanyika, habari huwa ni mtu aliyekamatwa aking'oa meno bila cheti. Ni habari ya kweli na ya lazima. Lakini daktari wa Nottingham alikuwa na cheti, na yule wa Tulsa alikuwa bingwa. Leseni ukutani ingewapitisha wote wawili kwenye msako wa aina hiyo.

Upande wa msaidizi ndio uko wazi zaidi. Katika kliniki nyingi ndogo za kwetu anayeosha vifaa ni kijana aliyefundishwa kazi palepale, pengine ndugu wa mwenye kliniki, ambaye jina lake haliko kwenye rejista ya baraza lolote. Anamwita mwajiri wake "daktari" au "bosi", na kwa malezi yetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba hajanawa mikono. Heshima hiyo ni njema nyumbani. Kando ya kiti cha mgonjwa inahitaji utaratibu wa kuivuka bila kuivunja, na utaratibu huo hauna gharama kubwa: kikao cha robo saa kila wiki ambapo msaidizi ndiye anayeanza kuzungumza, daftari la mashine ya mvuke linalosainiwa na aliyeiendesha, na neno moja lililokubaliwa na wote ambalo msaidizi akilitamka daktari anasimamisha mkono, anabadilisha glavu, na hakuna maelezo yanayodaiwa mbele ya mgonjwa.

Mgonjwa naye ana la kuuliza kabla mdomo haujafunguliwa. Vifaa vyangu viko kwenye mfuko uliofungwa? Naomba uufungue nikiona. Nikiwa na malalamiko na daktari mwenyewe, namwambia nani? Swali hili la mwisho liulizeni mapokezi, kisha tazameni kama dada wa mapokezi anajibu mara moja au anageuka kwanza kuutazama mlango wa chumba cha daktari.